Chama cha Askari Kilipofika Xintang

Mimi hupima suruali shingoni. Unashika kiuno cha suruali kwa mikono miwili, unakizungusha shingoni, ncha zikikutana kwa nyuma basi suruali ni saizi yako, lipa uondoke. Ndivyo tulivyonunua mitumba kule Kahama, mahali ambapo hapakuwa na chumba cha kujaribia nguo wala muuzaji wa kusubiri aibu zako ziishe. Nimekuja Guangzhou, nimenunua suruali kwa marobota na kwa makontena, na hadi leo nikishika suruali mkono wenyewe unaipandisha shingoni. Wauzaji wa soko la Shahe zamani walikuwa wakinicheka, siku hizi wamechoka.

Kwa hiyo sampuli za suruali za askari wa kike zilipotufikia kutoka kiwandani, nilichukua saizi ndogo nikaipima palepale, nikaona iko sawa. Mshirika wangu, mama wa Lubumbashi aliyenitangulia mjini hapa kwa miaka mingi, alichukua saizi kubwa, maana shingo yake ni nene kuliko yangu. Tukaridhika kwamba ukaguzi umefanyika kitaalamu. Tukamwambia mwenye kiwanda hakuna shida, aandae kitambaa.

Ile haikuwa oda ya kuchezea. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuzungusha wateja wanaotoka nyumbani: nawapokea, nawapeleka Zhanxi kwenye viatu, Shahe kwenye nguo, nawasemea Kichina changu cha sokoni, nafunga mzigo. Kisha wateja wakagundua kwamba wanaweza kukaa Kariakoo, wakafungua simu na kumwagiza Mchina moja kwa moja. Simlaumu mtu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini simu yangu ikanyamaza. Nilikuwa nimeshajiambia bila kujidanganya kwamba oda hii ikikubaliwa nabaki Guangzhou, ikikataliwa narudi Kahama nikafungue duka la sare za shule, na kila atakayepita atauliza kwa huruma kama China kulinishinda.

Oda ilitoka kwa polisi wa jiji moja kusini mwa Afrika. Mfanyabiashara aliyeshinda zabuni ya sare alikuwa akifahamiana na mama wa Lubumbashi, akatupa suruali za wanawake tukazisimamie Xintang, ambako watu wameshona jinzi hadi wanaota jinzi. Jiji lilikuwa litume watu wawili kukagua sampuli kabla kitambaa hakijakatwa. Mmoja ni mkuu wa idara mwenyewe. Wa pili, mfanyabiashara alituandikia, ni sajini wa kike anayewakilisha chama cha wafanyakazi cha askari.

Niliusoma ujumbe ule mara ya pili. Askari wana chama cha wafanyakazi?

Baba yangu alikuwa konstebo, nami nimekulia kota za polisi. Kwetu askari haruhusiwi kuwa na chama cha namna hiyo, na mkubwa akisema jambo jibu lake ni moja, "Ndiyo, afande," hata kama afande kasema mvua inanyesha na jua linakuchoma utosi. Baba aliwahi kupewa buti zilizombana. Aliposema zinambana, aliambiwa miguu yake ndiyo mikubwa. Akazivaa hivyohivyo hadi kucha zikawa nyeusi. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya chumvi, na baba akilalamika kwa kunong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe, kana kwamba afande yuko uvunguni. Nilipokuwa mtoto nilidhani polisi wote duniani wanalalamika kwa kunong'ona.

Nikampelekea mama wa Lubumbashi habari ya chama. Alikuwa amekaa juu ya robota akila ndizi, akaacha kutafuna. Kwake chama ni syndicat, na oda ni commande.

"Syndicat ya bapolisi? Eh, mwana yangu, tumekufa. Bale njo banaharibiaka batu commande. Rafiki yangu mumoja alitumaka kontena ya mashati kwabo. Askari bakakatala kuvaa. Yote ikarudia."

"Yote, Mama?"

"Yote! Mukubwa yabo alikuwa amesha kutia signature. Bakasema, signature yako haiko yetu."

Basi nikamchukia yule sajini kabla sijamwona. Niliwaza mwanamke mgomvi, mwenye kidole cha kunyoosha, atakayekuja kutafuta kosa ili arudi kwao na la kusimulia. Nikapanga namna ya kumpendeza mkuu, kwa sababu mimi ni mtoto wa kota na najua anayetia sahihi ndiye anayeamua. Nilinunua chai nzuri. Niliomba kiwanda kifagie ngazi.

Wakaja. Mkuu alikuwa mwanaume mpana, mcheshi, mwenye miwani aliyoisahau juu ya kichwa. Sajini alikuwa mfupi, mkimya, amevaa blauzi ya maua, na begi lake lilikuwa zito kupita kiasi. Nilipotaka kumsaidia kulibeba alikataa kwa adabu. Walizungumza Kiingereza, nami hapa nawasemesha Kiswahili kwa sababu ndicho kilichobaki kichwani mwangu.

Kiwandani mambo yalianza vizuri mno. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimeshatandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, na fundi wa kukata amesimama na mashine yake mkononi, anasubiri. Laoban, yaani bosi, ndiye mwenye kiwanda, mwanamke mwembamba mwenye haraka, alitaka akate mchana uleule kwa sababu wateja wengine walikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Mkuu akaishika sampuli, akaivuta, akaitazama mishono, akasema ni kazi nzuri. Akaomba kalamu. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kucheza.

"Mkuu, samahani," sajini akasema. "Bado sijaivaa."

Akafungua begi. Akatoa mkanda mpana wa kazi, ule wa askari, akaanza kuupachika vitu. Kwa kuwa huwezi kupanda ndege na bastola kiunoni, alikuwa amejaza mchanga kwenye soksi mahali pa bastola. Mahali pa pingu aliweka kufuli mbili. Tochi ilikuwa tochi kweli, redio ilikuwa chupa ya maji. Alitueleza kwamba kila kimoja kimepimwa uzito kikalingana na kifaa halisi, na kwamba mkanda huo ni mali ya kamati ya sare ya chama. Akaenda kubadilisha, akarudi amevaa suruali yetu na mkanda ule, akauliza ngazi ziko wapi.

Alipanda mbio. Katikati ya ngazi mkono wake wa kushoto ulishuka, ukashika kiuno cha suruali, ukabaki hapo hadi juu. Akashuka vilevile, mkono mmoja kiunoni.

"Mmeuona mkono?" akauliza.

Hakusema lolote juu ya kitambaa. Alisema juu ya mkono. Akatueleza kwamba sare za zamani za wanawake zilichongwa kutoka kwenye suruali ya mwanaume, kiuno kikapunguzwa tu. Ukisimama imekaa vizuri. Ukiweka mkanda na ukakimbia, nyuma inashuka. Mwenzake alimkimbiza mtu hadi kwenye ukuta, akauparamia ukuta huku mkono mmoja umeshika suruali. Alianguka chali. Hajarudi kazini, na hatarudi.

"Aliandika malalamiko kuhusu suruali ile kabla ya kuanguka," sajini akasema. "Zaidi ya mara moja. Hayakumfikia mtu. Baada ya pale ndipo chama kikakaa na jiji, tukakubaliana kwamba sare mpya haitolewi bila sisi kuridhika."

Mimi mdomo wangu una matatizo yake. Nikasema labda ni umbo lake, suruali tumeipima. Akaniuliza tumeipima vipi. Nikashika suruali, nikamwonyesha shingoni, mbele ya mkuu wa polisi na kiwanda kizima.

Yule sajini hakucheka. Alinipa mkanda. "Basi vaa wewe."

Nikavaa. Nilikimbia kama mtu anayedaiwa, na kwenye kona ya ngazi nikajikuta nimeshika suruali kwa mikono yote miwili, mchanga wa ile soksi unanipiga pajani, mafundi wa kike wamesimamisha mashine zao wananitazama. Mama wa Lubumbashi alikuwa chini akisema "Eh Mungu yangu" bila kupumzika. Niliporudi chini nilifungua mkanda nikamrudishia.

Mkuu akakohoa. Alisema ameelewa, lakini muda hautoshi, sare za wanaume zimeshasafiri, meya anauliza, na marekebisho madogo yanaweza kufanywa na fundi kulekule. Akaichukua tena kalamu. "Sajini, hili ni agizo."

Mgongo wangu wenyewe ulijinyoosha. Nilijua kitakachofuata, nimekisikia utoto mzima.

"Mkuu, kwa heshima zote," sajini akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Tukirudi nyumbani mimi ni askari wako, ukiniamuru nitalinda hata mti. Hapa nimekuja kwa niaba ya chama. Chama hakikubali."

Hakunong'ona. Nilimtazama mkuu, nikisubiri atoe macho, amtajie uhamisho, amwambie kiuno chake ndicho kibaya. Mkuu alitoka nje. Tulimwona dirishani akizunguka kwenye uwanja wa kupakilia, mikono nyuma. Fundi wa kukata akanitazama mimi, mimi nikatazama kitambaa. Nakumbuka nilifikiria Kahama, nikaona hadi rangi ya mlango wa lile duka la sare za shule.

Aliporudi aliiweka kalamu mfukoni. "Nikisaini bila yeye kontena litarudi," alisema, akinieleza mimi kama mtu anayemweleza mgeni tabia za ukoo wake. "Limewahi kurudi. Haya, mwambieni mwenye kiwanda."

Kumwambia mwenye kiwanda ikawa kazi yangu. Laoban alinisikiliza hadi katikati, kisha akaanza. "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani. Sampuli imeshakubaliwa, mimi mwenyewe nilisema hakuna shida, ujumbe wangu anao kwenye simu, foleni ni ndefu, tutoe kitambaa chetu tuondoke. Alikuwa na haki yote. Nilibembeleza hadi maneno yangu ya Kichina yakaisha, nikaanza kurudia yaleyale.

Sajini hakuelewa neno hata moja, lakini hali ilijieleza. Akamnyooshea laoban mkanda, akaonyesha ngazi. Laoban ni mtu asiyependa kushindwa. Alivaa suruali ya saizi ndogo juu ya legingi yake, akafunga mkanda, akapanda kwa kasi ya ajabu, na alipogeuka kushuka suruali ilimwacha. Ilianguka hadi magotini. Akakaa kwenye ngazi, mafundi wote wakapiga kelele, na yeye mwenyewe akacheka hadi akashika ukuta.

Kisha akaitazama suruali vizuri. Nikamwona amekuwa mshonaji tena, si bosi. Aliomba chaki. Akamsimamisha sajini juu ya stuli, akachora kwa nyuma, akapandisha kiuno kwa upana wa vidole vichache, akaongeza vitanzi vya kupitishia mkanda, akatanua nyonga. Walielewana kwa kugusana tu na kuguna. Fundi wa kukata akaweka mashine chini, akaenda kula.

Nasi tukaenda kula. Kwenye meza ile nilimwona mkuu upande mwingine. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alisema kuongoza idara yenye chama ni kama kuendesha gari ambalo abiria naye ana breki yake. Kupanga zamu, chama. Kuhamisha dereva, chama. Alikuwa na askari mmoja mwenye mkono mwepesi wa kupiga raia, akajaribu kumfukuza, chama kikaleta wakili, na yule mtu bado anavaa sare.

Nilimgeukia sajini, nikidhani atawaka. Alikuwa akichezea vijiti vya kulia.

"Kwa hilo mkuu anasema kweli," akasema. "Mimi nilipiga kura tusimtetee. Tulishindwa."

"Sasa una faida gani na chama kama hicho?" nikamuuliza. Nimeshasema habari za mdomo wangu.

"Nina faida ya kuwa hapa nikila na wewe," akasema. "Bila chama angekuja mkuu peke yake." Mkuu akacheka kwa nguvu, akamwekea samaki kwenye bakuli, nao wakaendelea kubishana juu ya zamu za sikukuu kama watu waliooana zamani.

Mimi nilikuwa nimewasikiliza vya kutosha. Nilikuwa namfikiria baba. Nilitamani angekuwa kwenye meza ile, asikie askari anamkatalia mkuu wake mchana kweupe kisha anawekewa samaki. Nilimwonea sajini wivu kwa niaba ya baba, wivu safi usio na kinyongo, na nikamsamehe yote niliyomfikiria kabla hajafika.

Sampuli mpya ilikuwa tayari kabla hawajaondoka. Tulipanda ngazi sote, sajini, mimi, laoban, na mafundi wawili waliojitolea kwa kutaka kucheka. Suruali haikushuka. Sajini akasaini, mkuu akasaini chini yake, mashine ikaingia kwenye kitambaa. Mama wa Lubumbashi aliishika suruali, akaipandisha shingoni kwa mazoea, akaniona namtazama, akaishusha.

Lakini kitanzi hakikuwa kimetoka shingoni bado. Sajini alikuwa amenieleza wazi kwamba yeye ni mjumbe tu. Mzigo ukifika, askari wenyewe wa kike watavaa, watazunguka nazo kazini, kisha watakaa mkutano na kunyoosha mikono. Wakikataa, zitarudi. Kontena likaondoka, nami nikasubiri kwa miezi. Simu ikilia nashtuka. Isipolia nashtuka zaidi. Niliokota vibarua vya kufunga marobota Shahe, nikamsaidia mama wa Lubumbashi kwenye viatu vyake, na kila Jumapili kanisani niliwaombea askari wa kike wa jiji nisilolijua, wapate miili itakayoendana na suruali yangu.

Ujumbe wa sauti uliingia tukiwa barabarani Zhanxi, mama wa Lubumbashi na mimi, kila mmoja na katoni ya viatu mikononi. Niliona jina la sajini, nikaweka katoni chini katikati ya njia. Nikampa mama simu abonyeze yeye.

Nyuma ya sauti ya sajini kulikuwa na wanawake wengi wanazungumza kwa pamoja. Akasema mkutano umeisha sasa hivi. Akasema mwanzoni kulikuwa na ubishi juu ya mifuko. Akasema, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, kwamba wamezikubali, wote, na kwamba wamemwagiza mkuu aagize na za kazi za usiku kwa fundi yuleyule. "Wamemwagiza mkuu," alirudia, na hapo nikasikia kwamba anacheka.

Mama wa Lubumbashi alinishika kichwa. "Merci Seigneur! Merci Seigneur! Bameitika!" Akaanza kuimba palepale, wimbo wa kanisa, mwili mzima. Mkokoteni uliojaa mabegi ukasimama nyuma yetu, na wa pili nyuma ya huo, na wenyewe wakaanza kutupigia kelele tupishe. Sikuweza kupisha. Nilikuwa nimekaa juu ya katoni ya viatu vya watu, nalia kwa sauti, na katoni inabonyea.

Nilipofika chumbani nilivuta begi langu kutoka chini ya kitanda. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama wa Lubumbashi, kwamba lilikuwa limefungwa tangu siku kontena lilipoondoka. Nilitoa blanketi nikalitandika. Nikatoa mwiko, sufuria na unga, nikasonga ugali mkubwa wa kuliwa na watu watatu, nikaumaliza peke yangu nikiwa nimekaa sakafuni.